Muulize Bibi Shamba: Kaa msimu mzima kwenye shamba la mwenzako

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kujifunza kilimo endelevu kwa vitendo. Sikuzijibu kwa urefu ulio sawa, kwa kuwa ya kwanza imegusa mambo ambayo nimetamani kuyasema tangu nilipostaafu kazi ya ugani.

*Shikamoo Bibi Shamba. Nina umri wa miaka 26, nimesomea uhasibu na ninaishi Kibaha. Bibi yangu mzaa mama ana shamba la ekari moja na nusu huko Matombo, kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, na wajomba wameniruhusu nilitumie. Ningependa kulima mboga na viungo bila mbolea wala dawa za viwandani. Nimetazama video nyingi za kilimo na nimeweka akiba ya shilingi milioni tatu, ila sijashika jembe tangu nilipomaliza shule ya msingi. Je, nianze moja kwa moja kwenye shamba la bibi, nijiunge na chuo, au ipo njia nyingine ya kupata uzoefu? Msomaji wa Kibaha.*

Marahaba, mwanangu. Umeeleza hali yako bila kujipamba, na kwa hiyo nami nitakujibu bila kuzunguka. Msimu huu usililime shamba la bibi, isipokuwa kipande kidogo nitakachokueleza baadaye, na akiba yako usiiguse zaidi ya nauli na chakula. Tafuta mkulima mdogo anayelima kwa njia hiyo unayoitaka, mahali panapofanana na Matombo, yaani penye mteremko na mvua za kutosha, ukae naye tangu kutayarisha kitalu hadi kuuza mavuno ya mwisho.

Video zina faida zake, na hata mimi huzitazama, lakini nyingi zinaonesha siku ya kupanda na siku ya kuvuna. Kati ya siku hizo kuna wiki nyingi ambazo mgeni huona kama hakuna kinachofanyika, na ndipo mkulima anapoamua mambo makubwa. Miche iko tayari kitaluni, mvua ya vuli imenyesha siku mbili ikakata. Je, aihamishe au asubiri? Majani ya nyanya yameanza kuonesha alama nyeupe. Je, ni mabaka mapana ya kantangaze, yule kiwavi anayeharibu nyanya, au ni mistari myembamba iliyojipinda ya mdudu mwingine ambaye mche wenye nguvu unaweza kumvumilia? Mnunuzi amekuja na bei ya chini wakati mchicha unakaribia kutoa maua. Je, auze, au aukatie shambani uoze uwe mbolea? Mambo haya huwezi kuyajua kwa kusimuliwa. Unayajua kwa kusimama karibu na anayeamua, ukaona anatazama nini na anagusa nini kabla hajasema neno.

Kuhusu chuo, mimi mwenyewe nimepitia chuo cha kilimo na ninakiheshimu, lakini anayekihitaji zaidi ni yule anayetaka kuajiriwa ugani au utafiti. Wewe una fani tayari, na kwa ekari moja na nusu sioni sababu ya kukaa darasani miaka miwili. Kinachokufaa ni mafunzo mafupi yatakayokufungulia mlango. Bahati yako ni kwamba Morogoro kuna walimu. Shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, linalofahamika kwa kifupi kama SAT, lilianzishwa mwaka 2011 na Janet Maro na Alexander Wostry, na lina kituo cha mafunzo Vianzi, nje ya mji wa Morogoro, ambako wakulima hujifunza kilimo hai kwa vitendo. Nenda kituoni kama hicho, usome kwa siku chache, kisha waombe wakufunzi wakukutanishe na mkulima wa milimani ambaye wao wenyewe humtembelea. Mkulima aliyependekezwa na mwalimu wake ni salama kuliko uliyemkuta mtandaoni.

Ukifika kijijini, uliza pia kama kuna shamba darasa. Utaratibu huu ulianzia kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, baada ya dawa nyingi kuwaua wadudu rafiki na kumwachia nafasi mdudu mharibifu wa mpunga. Wakulima wapatao 20 hadi 30 hukutana kila wiki kwenye shamba lile lile kwa msimu mzima. Hukaa kwa makundi madogo madogo, huchuchumaa mbele ya mimea kadhaa, huhesabu majani, wadudu waharibifu na wadudu rafiki, kisha huchora walichokiona kwenye karatasi kubwa na kubishana kuhusu la kufanya. Nimehudhuria mikutano mingi ya namna hiyo, na mara kadhaa nimemwona mtu aliyepulizia dawa kwa miaka 15 akigundua kwa mara ya kwanza kwamba yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi aliyekuwa akimuua hula vidukari. Jiunge nao, hata kama kazi yako itakuwa kushika kalamu. Mhasibu anayejua kuandika hesabu za shamba hatakosa kukaribishwa.

Kitu cha kwanza cha kumwomba mwenyeji wako akufundishe kiwe mboji, yaani mbolea ya lundo la majani na samadi vilivyooza pamoja. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwaga samadi mbichi ya kuku kwenye tuta zima la figiri la mama mmoja, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba ina nguvu kuliko ya ng'ombe. Siku ya nne kingo za majani zilikuwa zimeungua. Yule mama hakunigombeza. Alinichukua hadi nyuma ya nyumba, kwenye lundo lililofunikwa majani ya migomba, akachomoa kijiti kirefu kilichokuwa kimechomekwa kwa mshazari hadi katikati, akanipa nikishike. Kilikuwa cha moto kiasi kwamba nilikihamisha mkono wa pili, na kilikuwa kinyevu, chenye harufu ya udongo baada ya mvua. Akaniambia kwamba kijiti kikitoka kikavu na chenye ukungu mweupe, lundo lina kiu. Kikitoka kimepoa, ni wakati wa kuligeuza. Na kikitoa harufu ya uozo, maji yamezidi na hewa haipiti. Miaka yote niliyofanya kazi baada ya hapo sikupata kipimo bora kwa mtu asiye na kipimajoto.

Lundo lenyewe hupangwa hivi. Chini huwekwa vijiti na mabua ili hewa ipite, juu yake huja tabaka la majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi na udongo kidogo, huku kila tabaka likinyunyiziwa maji, hadi lundo lifike kimo cha mita moja au moja na nusu. Likipungua sana kimo hicho halishiki joto. Lengo ni lile joto la ndani lipande juu ya nyuzi 55 kwa siku kadhaa, maana ndilo linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Unyevu hupimwa kwa ngumi: chota, kamua, na tone moja au mawili yakitoka kati ya vidole, basi umepatia. Baada ya wiki tatu hivi unaligeuza, yaliyo nje yaende ndani, unarudia tena, na kwa kawaida baada ya miezi mitatu linakuwa jeusi na laini, wala huwezi kutambua lilitokana na nini. Usiondoke kwa mwenyeji wako kabla hujalitengeneza lako mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, bila yeye kukushika mkono.

Cha pili ni mteremko, na hapa inabidi nikukumbushe historia ya huko kwenu. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa nzito, na penye udongo wa juu mwembamba uchimbaji uliufukia ule wenye rutuba ukaleta juu udongo uliochoka, hivyo watu wakaona jasho linawaongezea njaa. Mwaka 1955 palitokea machafuko hapo hapo Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Wazee wanaoyakumbuka hayo, au walioyasikia kwa wazazi wao, huenda wakakunja uso ukitaja matuta ya ngazi. Wasikilize. Watakuonesha wapi udongo ni mwembamba na wapi maji hupita masika yakizidi, na hayo hayamo katika kitabu chochote.

Kuhifadhi udongo bado ni lazima, ila si lazima uanze kwa kuchimba. Jifunze kutumia fremu A, kifaa cha kutafuta mstari wa usawa kwenye mteremko, ambacho hugharimu kamba tu. Chukua miti miwili iliyonyooka ya mita mbili hivi, ifunge pamoja juu, itanue miguu, kisha funga mti wa tatu ukatize katikati ili umbo liwe kama herufi A. Kutoka kwenye kilele ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ule mti wa katikati. Isimamishe, weka alama mahali kamba inapougusa mti, kisha geuza, mguu wa kulia ukanyage pale uliposimama wa kushoto na wa kushoto pale wa kulia, uweke alama ya pili. Nusu ya alama hizo mbili ndipo kamba inapopaswa kutulia miguu yote inapokuwa kwenye usawa mmoja. Sasa tembea nayo ukiukata mteremko, mguu mmoja umekanyaga na mwingine unatafuta, na kila kamba inapotulia hapo katikati unapigilia kigingi. Ukigeuka nyuma baada ya vigingi 20 utaona mstari uliopinda kufuata mlima. Panda hapo majani ya tembo, au mananasi kama unataka mstari ukulipe, na uelekeze matuta yako ya mboga kufuata mstari huo huo. Kila masika udongo utajikusanya nyuma ya mimea hiyo, na ngazi itajijenga yenyewe pole pole bila kuifukia rutuba.

Sasa nirudi kwenye kile kipande kidogo. Omba kwa bibi eneo la mita tano kwa tano, lisilozidi hapo. Siku za mapumziko, nenda ukafanye hapo lile ulilojifunza wiki ile: tuta moja lenye matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, na moja lisilo na matandazo, tuta la mboji na tuta la samadi iliyooza. Uwe na daftari la kuandika tarehe, mvua, ulichopanda, ulichovuna na saa ulizotumia. Saa hizo wakulima wengi hawaziandiki, na ndiyo maana huamini wamepata faida kumbe wamejilipa chini ya kibarua. Kipande hicho kikikukatalia, umepoteza mita 25 za mraba, na ekari nzima bado iko salama.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu viungo. Pilipili manga, karafuu na mdalasini ni mimea ya kudumu, na kwa mila za sehemu nyingi, apandaye mti huonekana amejimilikisha ardhi. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na ruhusa ya kulima mboga si lazima iwe ruhusa ya kupanda miti. Kaa na wajomba, bibi akiwepo, mwelewane kuhusu miti na mavuno yake, na mliyokubaliana yaandikwe. Nimeshuhudia vijana wawili wenye bidii kubwa wakiondoka mashambani, si kwa ukame wala wadudu, bali kwa sababu hapakuwa na mazungumzo ya nusu saa kabla ya kuchimba mashimo.

*Bibi Shamba, hujambo? Nimepanga Temeke, uani kuna sakafu ya saruji na jua la kutosha. Natamani kujifunza bustani ili nikirudi kijijini nisiwe mgeni wa jembe. Je, ninaweza kujifunza chochote hapa, au ninajidanganya? Mama wa watoto wawili.*

Sijambo, mama, na hujidanganyi hata kidogo. Bustani ya gunia inafundisha mambo matatu makubwa, yaani udongo, maji na kitalu, tena kosa lake linagharimu kidogo. Tafuta gunia la mazao linalopitisha hewa. Changanya ndoo mbili za udongo kwa ndoo moja ya samadi iliyooza, uongeze mchanga kidogo kama udongo unashikamana. Udongo usiuchukue karibu na gereji wala mahali palipomwagwa betri, kwa sababu ya madini ya risasi. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako wala mfuniko, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, jaza udongo kulizunguka, kisha livute juu na uendelee hivyo hivyo hadi gunia lijae. Utabaki na nguzo ya kokoto inayopeleka maji mpaka chini. Bila hiyo, miche ya juu italowa na ya chini itakauka.

Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, umbali wa kiganja kimoja, upande sukuma wiki, chainizi na mchicha, na juu uweke nyanya au pilipili hoho mbili. Miche ya sukuma wiki na nyanya ioteshe mwenyewe kwenye beseni lililotobolewa, usinunue iliyo tayari, maana kulea mche kwa wiki nne ni nusu ya elimu unayoitafuta. Mchicha utaanza kuuchuma baada ya wiki tatu au nne.

Nataka pia uhesabu maji, kwa sababu kijijini ndiyo yatakayokusumbua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lako likiwa na mita 20 za mraba, mvua ya milimita 10 inakupa takriban lita 200, yaani pipa zima. Weka kopo la wazi uani, pima kwa rula kila asubuhi baada ya mvua, uandike. Watoto wataipenda kazi hiyo, na wewe utajua kwa tarakimu zako mwenyewe masika ya Dar es Salaam yanakupa nini. Maji ya kuoshea mboga mwagilia bila wasiwasi, ila ya sabuni yaache.

*Bibi Shamba, salamu kutoka Lushoto. Nina shamba la ekari mbili, nimeacha dawa za viwandani miaka minne sasa. Vijana wawili kutoka mjini wameomba kuja kujifunza kwangu kwa miezi mitatu. Jirani mmoja anasema niwatoze ada, mwingine anasema ni vibarua wa bure niliopewa na Mungu. Nifanye lipi? Mkulima wa Lushoto.*

Jirani wa pili usimsikilize, dada yangu. Kijana anayepalilia kwako miezi mitatu anaondoka akijua kupalilia tu, na wewe utakuwa umetumia njaa yake ya kujifunza kujipatia nguvu kazi. Jirani wa kwanza ana hoja, kwa sababu muda wako wa kueleza ni kazi, lakini kwa kuwa wao nao watafanya kazi, kuna njia ya katikati iliyokwisha kujaribiwa. Mwaka 1971, huko Uingereza, mwanamke mmoja aitwaye Sue Coppard, aliyekuwa katibu muhtasi jijini London, alianzisha mpango wa watu wa mjini kwenda kusaidia kwenye mashamba ya kilimo hai siku za mwisho wa juma. Mpango huo, unaojulikana kama WWOOF, umeenea nchi nyingi, na msingi wake ni kwamba mgeni anatoa nguvu zake kwa saa chache kwa siku, mwenyeji anatoa chakula, malazi na ujuzi, na hakuna anayemlipa mwenzake.

Fuata msingi huo kwa kadiri ya hali yako. Kama huwezi kuwalisha wote wawili, waambie walete unga na maharage yao. Hilo si aibu. Asubuhi wafanye kazi za shamba, na uwaachie kabla mchana haujazidi. Jioni mbili kwa wiki wape saa nzima ya maswali, ukiwa umekaa. Andikeni kwenye karatasi saa za kazi, siku ya mapumziko, nani anagharimia matibabu mtu akijikata kwa panga, na nini kitatokea mmoja akitaka kuondoka mapema. Mwenyekiti wa kitongoji awe na taarifa kwamba una wageni.

Halafu mpe kila mmoja tuta lake la mita tatu, aamue mwenyewe cha kupanda, na usimsahihishe isipokuwa amekuuliza. Hilo litakuwa gumu kwako kuliko kwao. Utapita asubuhi uone karoti zimebanana bila kupunguzwa, na mkono utakuwasha. Uache. Mwezi wa tatu akizing'oa zikiwa nyembamba kama kidole, keti naye kwenye kingo ya tuta, mhesabu pamoja ngapi zinauzika, kisha mwoneshe tuta lako la jirani.